Nani Alimsikia Mtoto?

Kwa aliyechelewa kufika: mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na mwaka huu ametoa riwaya. Ndani ya riwaya hiyo mwanamke mmoja anamfungia ndani mtoto wake mwenye homa, anakwenda kwenye chumba cha kupanga kuonana na bwana. Mtoto anaomba maji, hakuna wa kumpa. Kikombe kinaanguka. Mtoto anakufa.

Sisi tulikuwa na mtoto. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi. Alikufa kwa homa akiwa na miaka minne, mchana kweupe, mimi nikiwa kazini kwenye duka la miwani, baba yake akiwa naye nyumbani. Hayo ya kufungia mlango na hayo ya bwana ni ya kitabuni. Lakini nenda ukawaambie watu.

Wiki jana, wasomaji wangu, niliwaacha sebuleni kwa mama mkwe, ndugu wote wamekaa, naye amekibwaga kitabu mezani na kusema, "Leo ndiyo nimejua mjukuu wangu alikufaje."

Nilimgeukia mume wangu. "Mwambie mama yako kwamba ni hadithi."

"Ni hadithi, mama," akasema, macho kwenye kikombe chake cha chai.

"Hapafuki moshi pasipo moto," mama mkwe akajibu.

"Mwambie siku ile nilikuwa wapi."

"Alikuwa kazini, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza. "Sema wasikie."

"Nilikuwa na mtoto."

Mama mkwe akainuka ghafla, goti likalia. "Yamekwisha," akasema. "Nipelekeni nikalale."

Wifi yangu akamshika mkono. Huyo wifi ndiye aliyemsomea mama yake kitabu kizima, sura baada ya sura, kwa sababu macho ya mama hayaoni tena maandishi. Miwani niliyomtengenezea kwa mikono yangu iko kabatini. Hataki kitu kilichotoka kwangu.

Walipopita mlangoni, wifi akanigeukia. "Na wewe ulivyokaa kimya miaka yote hiyo! Kumbe!"

Kumbe nini? Nilitaka kumuuliza. Walikuwa wameshatoka.

Njiani kurudi kwetu mume wangu alitembea mbele. Nikamwambia mgongo wake, "Umeniuza."

"Wasomaji hawajui kusoma," mgongo ukajibu. "Kila wakikutana na mwanamke kitabuni wanamtafutia nyumba mtaani."

"Mama yako ni msomaji?"

"Nitaongea naye."

"Lini?"

"Baada ya Jumamosi."

Jumamosi ulikuwa mjadala wa kitabu kwenye ukumbi wa maktaba. Matangazo yake yalikuwa yamebandikwa mpaka kwenye mlango wa benki, sura ya mume wangu ameshika kidevu kama mtu mwenye jino bovu.

Kazini nako hapakuwa na nafuu. Ukitaka kujua kitabu gani kinasomwa, kaa kwenye duka la miwani. Mteja hajaribu lenzi kwa ubao wa herufi tu, anatoa kwenye mkoba kile anachokisoma. Wiki ile kila mkoba ulitoa kitabu kimoja.

"Nimelia mpaka nimeonekana mjinga," mama mmoja alisema mbele ya kioo, fremu nyekundu puani. "Maskini yule mwanamke. Kapendwa na nani maishani mwake? Hakuna."

"Maskini gani?" Mwenzake akageuka. "Mtoto anachemka, yeye anajipaka manukato! Mimi nilikifunga pale pale, nikakiweka juu ya friji, kisije kikaniletea mkosi."

"Hujamaliza, basi huna la kusema."

"Nimeonja kijiko kimoja. Lazima nimalize sufuria ndipo nijue limechacha?"

Walitoka bado wanabishana, na fremu hawakununua.

Bosi wangu, mama wa makamo aliyefungua duka hilo akiwa mjane, alinionea huruma kwa namna yake. "Mimi nimekisoma ukurasa wa kwanza nikaurudia, nikaurudia tena," akasema. "Nikadhani macho yangu yameharibika, nikajipima mwenyewe. Macho mazima! Kumbe ni mumeo. Riwaya za siku hizi hazisemi jambo, zinalizunguka tu kama kuku anayetaka kutaga."

Nilicheka. Mara ya kwanza wiki ile.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Wembe.

Wembe ni mhakiki. Ana safu gazetini, na watu wamempa jina hilo kwa jinsi anavyovichana vitabu vya watu. Cha mume wangu alikuwa amekichana vilevile. Aliandika, "Mwandishi huyu ana mkono mzuri na moyo mwoga. Amejificha nyuma ya mwanamke." Mume wangu aliposoma hivyo alilikunja gazeti akalitumbukiza kwenye ndoo ya taka, kisha akalitoa akalisoma tena.

Mimi nilimjua kwa picha. Yeye hakunijua.

Fremu yake ilikuwa imevunjika mguu, ameifunga kwa uzi. Bosi akanikonyeza, nikamkalisha kitini, nikamziba jicho la kushoto.

"Soma mstari wa chini kabisa."

Akausoma, akakosea herufi mbili.

"Macho yamechoka," nikasema.

"Kazi. Kuna riwaya nairudia, Jumamosi nakaa jukwaani na mwenyewe."

Nilibadilisha lenzi ili nipate la kufanya. "Wanasema uliichana."

"Niliichana kwa sababu iliniudhi. Kitabu kibaya hakiniudhi, dada. Nakiweka chini nakwenda kula. Hiki kina ukurasa mmoja wa kweli, na mengine yote yamerundikwa juu yake kuufunika."

"Ukurasa upi?"

"Wa mtoto." Alikuwa ametulia, jicho moja limefunikwa, sauti haina ubaya. "Sikiliza. Mwanamke kaondoka, kafunga mlango kwa nje. Nyumba haina mtu, tumekubaliana? Sasa mwandishi anasema mtoto aliomba maji, na sauti yake ikapita kwenye ukuta mwembamba, ikafika kama mlio wa paka aliyenasa mvunguni. Ikafika kwa nani? Sauti haiwi kama paka mpaka kuwe na sikio upande wa pili. Mtu anayeandika hivyo hakosei jambo dogo kama hilo. Chumba cha pili kulikuwa na mtu. Na mwandishi anamjua."

Lenzi iliniponyoka, ikavunjika sakafuni.

"Samahani," nikasema.

"Umekisoma?"

"Kidogo."

"Wewe ulimwonaje mama wa mtoto?"

Nilipiga magoti nikaokota vipande, nisimtazame. "Mimi sikumwona popote," nikasema. "Niliona nguo zake tu."

Nadhani hapo ndipo alipoanza kuniangalia vizuri, lakini bila miwani angeona nini?

Wasomaji wangu, miaka mitatu nimelalia maneno haya ya mume wangu: "Hakuamka. Alilala akapitiliza. Hakuhangaika hata kidogo." Nilikuwa nayakumbatia kama mto. Nikiamka na hofu, nayarudia mpaka usingizi urudi. Hakuhangaika. Hakuita.

Na siku ya maziko nilikikuta kikombe chake cha plastiki chini ya kitanda, kimelala ubavu. Nikauliza. Nikaambiwa alikiangusha jana yake akicheza.

Sasa nilikuwa nimesimama katikati ya duka, mkononi vipande vya kioo, nikihesabu vyumba vya nyumba yangu. Sebule. Chumba cha mtoto. Chumba chetu, ukuta kwa ukuta. Kama kulikuwa na sikio upande wa pili, lilikuwa la nani kama si la baba yake?

Jioni nilimkuta anajaribu koti la Jumamosi.

"Chiriku aliita?" nikamuuliza.

Mikono yake ikasimama kwenye vifungo. "Nani amekwambia maneno hayo?"

"Sijaambiwa. Nimesoma."

"Unaanza kuongea kama Wembe."

"Amekuja dukani leo."

Akakaa kitandani na koti lake. Uso ulikuwa umemshuka. "Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Jumamosi usije."

Miaka tisa ya ndoa, sikuwahi kusikia mwanaume yule akisema nakuomba.

Nikaenda.

Nilikaa nyuma kabisa, mtandio umenifika machoni. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Mstari wa mbele nilimwona mama mkwe, mgongo umenyooka, wifi ubavuni. Jukwaani meza ndefu: msimamizi ambaye ni kijana mwenye tai, mume wangu, Wembe na miwani yake mipya, na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu ambaye wote walimwita Daktari.

Pembeni yangu alikaa mama mnene, muuza vitambaa, kitabu chake kimekunjwa pembe kila mahali. Akaninong'oneza kabla sijavuta kiti vizuri, "Mimi nimekuja kwa ajili ya yule malaya wa kitabuni. Nasikia ni mtu wa kweli, ni mke wake. Ningempata hapa, ningemng'oa nywele moja moja."

"Huenda ana yake," nikasema.

"Ana yake gani? Mtoto kaomba maji!"

Daktari akaanza. Akasema mwanamke yule asichukuliwe kama mtu, ni alama. Ni jamii inayotelekeza kizazi chake. Mtoto ni kesho yetu, maji ni maarifa, mlango uliofungwa ni historia. Vijana wa chuo wakapiga makofi.

Muuza vitambaa hakusubiri kipaza sauti. "Daktari, mimi nimezaa sita. Maji ni maji!"

Ukumbi ukacheka. Mzee mmoja mstaafu wa posta akasimama na kusema riwaya haina mwisho, amefika ukurasa wa mwisho akadhani wamemuuzia nakala iliyochanika, akarudi dukani kudai nyingine. Binti wa chuo akamjibu kwamba huo ndio uzuri wake, msomaji anaachiwa nafasi. "Nafasi ya nini, mjukuu wangu?" mzee akauliza. "Mimi nafasi ninayo nyumbani. Nilitaka kujua yule mama alifanywa nini." Mwingine akapaza sauti kwamba alistahili jela. Mwingine akasema anampenda, ndiye mwanamke wa kwanza kitabuni anayefanana na watu. Wakazomeana. Watu waliokuja kwa kitabu kimoja ungedhani wamesoma vitabu arobaini.

Mume wangu alikuwa anatabasamu. Alikuwa anafurahi, naapa. Kila aliyenitukana alikuwa anamsifu yeye.

Ndipo Wembe akavuta kipaza sauti.

"Mimi nina swali dogo tu la fundi," akasema. "Mtoto yuko peke yake nyumbani. Anaita. Sauti inapita ukutani. Nani alimsikia?"

Mume wangu alikuwa amejiandaa. "Mwandishi," akasema. "Mwandishi ni sikio la wasio na wa kuwasikia."

Makofi! Binti wa chuo akafuta machozi. Daktari akaandika kitu.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najua kwamba mtandio uliniteleza, na kwamba muuza vitambaa alinivuta gauni akidhani nimezidiwa.

"Mama kule nyuma," msimamizi akasema. "Jina lako tafadhali?"

"Msomaji."

Mume wangu alinitambua kwa sauti. Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaliacha.

"Nataka kujua kama mtoto aliita," nikasema.

"Kitabuni, ndiyo."

"Na nje ya kitabu?"

Akakigeuza kitabu chake kifudifudi mezani.

"Uliniambia hakuamka. Uliniambia alilala akapitiliza. Kama hakuamka, hiyo sauti umeitoa wapi?"

Mnong'ono ukaanza mbele ukaja mpaka nyuma kama moto kwenye nyasi. Ndiye. Ndiye mke. Ndiye mwenyewe. Muuza vitambaa aliuondoa mkono wake kwenye gauni langu kana kwamba umeungua.

"Mke wangu, hapa si mahali pake," akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia neno mke.

"Ulikuwa chumba cha pili. Ulimsikia mwanao akiomba maji, hukuamka?"

"Sikumsikia!" Alikuwa amesimama. "Nakuapia kwa Mungu, sikumsikia!"

"Basi nani alimsikia?" Wembe akauliza, taratibu, bila hata kugeuka.

Aliyejibu alikuwa chini, mstari wa mbele.

"Mimi."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Wifi anamvuta mkono: "Mama, keti. Mama, watu!"

"Nimeketi vya kutosha."

Akageuka kuutazama ukumbi, kwa macho yale yasiyoona mbali wala karibu, akinitafuta. "Uko wapi, mwanangu? Sema kitu nijue uliko."

Mwanangu. Tangu nizike, hakuwahi kuniita hivyo.

"Niko hapa, mama."

"Siku ile nilikuwa kwako. Mume wako alinipigia simu asubuhi ulipotoka tu. Njoo unikalie mtoto, nina mahali nakwenda, na usimwambie mwenzangu. Nikaja." Alikuwa anaongea bila kipaza sauti na hakuna aliyekohoa. "Mtoto alikuwa amelala. Nami nikajinyoosha chumbani kwenu. Magoti yalikuwa yananiuma. Nikamsikia. Akasema, Bibi, maji. Nikasema moyoni anadeka, huyu amezoea kudekezwa, nipumzike kidogo nitaamka. Akaita tena. Sauti imekuwa ndogo. Nikasema, nakuja. Nikasikia kikombe."

Akaweka mkono kifuani.

"Nilipofika, nilikuwa nimechelewa."

Nilishika kiti cha mbele yangu. Mwenye kiti akasogea mbele kunipisha.

"Mwanangu alipokuja, nikamwambia yote," mama mkwe akaendelea. "Akasema, mama, nyamaza, nitasema nilikuwepo mimi. Nikanyamaza. Kisha wifi yako akanisomea kitabu, nikasikia kumbe kosa limepata mwenyewe, ni wewe. Na mimi najua si wewe! Lakini nilikuwa nimechoka, mwanangu. Kitabu kilinipa pa kutua mzigo, nikautua kichwani kwako."

Wifi akaanza kulia kwa sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nimebaki na jambo moja, limenikwama kama mwiba wa samaki.

Nikamtazama mume wangu. "Na wewe ulikuwa na mahali unakwenda."

Muuza vitambaa akapiga paja. "Chumba cha kupanga!" akasema. "Jamani! Ni yeye! Mwenye bwana si mwanamke, ni yeye ndiye aliyekuwa na hawara!"

Ukumbi ukalipuka. Waliokuwa wanampenda yule mwanamke na waliotaka afungwe, kwa mara ya kwanza wakawa upande mmoja. "Ajibu! Ajibu!" Msimamizi akagonga meza, tai imemkaa begani. Mzee wa posta amepanda juu ya kiti.

"Hapakuwa na mwanamke," mume wangu akasema.

Hakuna aliyemsikia, akasema tena, kwa nguvu. "Hapakuwa na mwanamke! Chumba kilikuwepo. Nilikipanga kwa siri kwa sababu nyumbani sipati utulivu. Chiriku anaongea, anaingia, anapanda mapajani. Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?" nikauliza.

Hakutaka kusema. Mwisho alikiinua kitabu kilichokuwa mbele yake mezani.

"Hiki."

"Hiki kipi? Hiki si cha kifo chake?"

"Nilikianza kabla." Sauti ilikuwa imemwishia. "Kilikuwa kitabu cha mtoto anayekufa. Nilikibuni. Siku ile nilikuwa nimefika pale pa homa. Simu ya mama ilikuwa inaita, nikaizima, nikasema nimalize ukurasa."

Wembe alivua miwani yake, akaiweka mezani. "Mimi nimemaliza maswali," akasema. Na Daktari, aliyekuwa na maelezo ya kila kitu, akafunga daftari lake.

Mume wangu akashuka jukwaani. Akawa anakuja kwangu, kati ya viti, mikono mbele kama mtu anayepita gizani. Watu wanampisha, wengine wanavuta miguu ili asiwaguse. Kutoka upande wa pili mama mkwe naye anakuja, anapapasa migongo ya viti. Yeye akafika kwanza. Akanishika kiganja, na kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Sikukiondoa. Sikukikaza pia.

Mume wangu alipobakiza viti vitatu, muuza vitambaa akasimama. Mwili wake wote ukaziba njia.

"Nipishe, mama. Yule ni mke wangu."

"Hapa hapiti mtu."

"Nimesema ni mke wangu!"

"Nimekusikia. Na kitabu chako nimekisoma, nikamtukana huyu mtu wiki nzima kwa ajili yako." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ile sauti iliyotaka kuning'oa nywele ilikuwa imelainika kama ya dada. "Wewe ndiye mwenye neno, mama Chiriku. Apite, asipite?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Nilichojibu, wasomaji wangu, nitawaambia wiki ijayo.